Meli kubwa, dahabiya, feluka au Ziwa Nasser: uchague chombo gani kwa mahekalu ya Mto Nile?

Anayetaka kuona mahekalu ya kale ya Misri kwa njia ya maji ana vyombo vinne vya kuchagua. Mawakala huvipanga kama madaraja ya starehe, cha bei nafuu hadi cha bei ghali, na msafiri hubaki akilinganisha vyumba na vyakula. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kila chombo kina gati zake na saa zake, na hizo ndizo zinazoamua utayaona mahekalu yapi, jua likiwa wapi, na ukiwa umezungukwa na watu wangapi. Afadhali uchague mahekalu kwanza, kisha utafute chombo kinachokufikisha huko.

Tutavipima vyote vinne kwa mambo yale yale: mahekalu yanayofikika, msongamano wa watu na saa za kufika, mwelekeo na idadi ya siku, maisha ndani ya chombo, gharama, na afya.

Vyombo vyenyewe

Meli ya kitalii ya Luxor na Aswan ni hoteli yenye injini, ya ghorofa kadhaa, vyumba kwa makumi, na bwawa dogo la kuogelea juu kabisa. Kati ya miji hiyo miwili kuna kilomita 220 hivi za mto.

Dahabiya ni mashua ndefu ya milingoti miwili, yenye vyumba vichache tu na abiria wasiofika idadi ya basi dogo. Kwa kawaida haina injini ya kuisukuma. Upepo ukikosekana, inavutwa kwa kamba na boti nyingine.

Feluka ni mashua ya wazi yenye tanga la pembe tatu, tanga ambalo mtu wa Lamu au Nungwi atalitambua kwa mbali. Haina chumba wala choo. Magodoro hutandikwa juu ya sitaha, turubai likawa paa.

Meli ya Ziwa Nasser inafanana na ya kwanza, ila inatembea kwenye maji yaliyo nyuma ya Bwawa Kuu la Aswan, lililojengwa kati ya 1960 na 1970. Haiwezi kushuka kuja Luxor, na za Luxor haziwezi kupanda kwenda huko. Kwa hiyo anayetaka pande zote mbili anafanya safari mbili.

Mahekalu yanayofikika

Meli kubwa ndiyo yenye orodha ya majina makubwa. Luxor, ukingo wa mashariki, kuna hekalu la Karnak na ukumbi wake wa nguzo 134, na kuna hekalu la Luxor. Hayo mawili yameunganishwa na njia ya sanamu za sfinksi ya kilomita 2.7 hivi, iliyofunguliwa upya Novemba 2021. Ndani ya eneo la hekalu la Luxor upo msikiti wa Abu al-Haggag, na bado unasaliwa. Mwislamu anayekwenda jioni anaweza kupanga ziara yake ikutane na sala ya magharibi.

Ukingo wa magharibi kuna Bonde la Wafalme, penye makaburi ya mafirauni, na hekalu la malkia Hatshepsut, Deir el-Bahari. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hapa kuna ukuta mmoja usiofaa kupitwa. Panda hadi kiwango cha kati, kisha ingia baraza la upande wa kushoto. Hapo imechongwa safari ya merikebu za Hatshepsut kwenda nchi ya Punt, karne ya 15 kabla ya Kristo: nyumba zilizoinuliwa juu ya miti na kupandwa kwa ngazi, miche ya uvumba ikibebwa na mizizi yake ndani ya vikapu, nyani wakiwa juu ya shehena. Wanazuoni wengi huiweka Punt pande za Pembe ya Afrika na pwani ya Bahari ya Shamu. Makundi hupewa muda mfupi hapa na mengi hukimbilia juu kupiga picha, kwa hiyo mwambie kiongozi wako mapema kwamba unataka kuiona Punt.

Baada ya Luxor, meli husimama Edfu, Kom Ombo na Aswan. Hekalu la mungu Horus la Edfu lilijengwa na Waptolemayo, wafalme wa Misri wenye asili ya Kigiriki, kati ya 237 na 57 kabla ya Kristo, na limehifadhika kuliko karibu yote mengine nchini. Kuta za lango lake zina kimo cha mita 36 hivi, lakini uzuri wenyewe uko ndani: kadiri unavyosogea mbele, sakafu inapanda kidogo, dari inashuka na mwanga unapungua, hadi unapofika kwenye kizimba cha jiwe kilichosuguliwa mpaka kikang'aa, mahali palipokaa sanamu ya mungu. Anayepita mbio nyuma ya bendera ya kundi haoni mpangilio huo.

Kom Ombo ni hekalu pacha. Lina milango miwili, njia mbili, na vyumba vitakatifu viwili: upande wa kulia wa Sobek, mungu mamba, na wa kushoto wa Horus Mkubwa. Kando yake kuna makumbusho ya mamba waliokaushwa. Aswan kuna Philae, hekalu la mungu wa kike Isis, lililofumuliwa jiwe kwa jiwe na kujengwa tena kisiwa cha Agilkia, likafunguliwa 1980. Unavushwa kwa boti ndogo.

Dahabiya huingia Edfu na Kom Ombo pia, lakini faida yake ni zile gati ambazo meli kubwa haziwezi kusimama. El-Kab kuna makaburi yaliyochongwa mlimani, likiwemo la Ahmose mwana wa Ebana, askari wa majini aliyeandika vita vyake ukutani. Gebel el-Silsila, mahali mto unapobanwa na majabali, ndipo lilipokatwa jiwe la mchanga lililojenga mahekalu mengi ya kusini. Utasimama chini ya kuta zilizonyooka kama zilizokatwa kwa msumeno, na ukikaribia utaona mistari ya patasi, safu baada ya safu, ikielekea upande mmoja na kisha mwingine. Aliyeona hapo kabla ya kufika Kom Ombo anaziangalia nguzo zile kwa jicho jingine. Dahabiya nyingi pia huanzia Esna, ambako hekalu la mungu Khnum liko shimoni, mita 9 hivi chini ya mitaa ya mji wa leo. Umebaki ukumbi mmoja wa nguzo 24, na kazi ya kusafisha masizi iliyoanza 2018 imerudisha rangi zake za dari. Meli kubwa nyingi hupita Esna bila kuuona.

Upungufu wa dahabiya ni Luxor. Karnak na Bonde la Wafalme mara nyingi havimo kwenye ratiba, hivyo lazima uwe na siku zako mbili kamili Luxor kabla au baada ya safari.

Feluka, kwa upande wa mahekalu, ndiyo dhaifu kuliko zote. Kwa kawaida unapata Kom Ombo, pengine Edfu, kisha gari linakupeleka Luxor. Anayekuambia kwamba feluka ni njia ya kuona mahekalu yote anakuuzia kitu kingine. Feluka inakupa mto wenyewe: mashamba ya miwa, nyati wa maji ukingoni, na ukimya ambao meli yenye jenereta haina.

Ziwa Nasser lina mahekalu ambayo watalii wengi hawajawahi hata kuyasikia. Bwawa lilipokuwa linajengwa, UNESCO iliongoza kampeni ya kuyanusuru, na mengi yalihamishiwa juu ya kimo cha maji. Yako makundi matatu makuu. Kalabsha, karibu na bwawa, iko pamoja na Beit el-Wali. Wadi el-Sebua iko pamoja na Dakka na Maharraqa. Amada iko pamoja na Derr na kaburi la Pennut. Amada lilikuwa na michoro laini mno isiyoweza kukatwa vipande, hivyo Wafaransa walilivuta zima juu ya reli kwa kilomita 2.6. Wadi el-Sebua, mwisho kabisa ndani, Wakristo wa zamani walipaka lipu juu ya miungu na kumchora Mtakatifu Petro. Lipu ya pembeni imeanguka, na leo Firauni Ramses wa Pili anaonekana akimtolea Petro maua. Mwisho wa safari, au mwanzo wake, ni Abu Simbel, mahekalu ya Ramses wa Pili yaliyochongwa mwambani, yaliyohamishwa kati ya 1964 na 1968 na kuinuliwa mita 65 hivi.

Kingo za ziwa karibu hazina vijiji. Wanubi wa Misri, takribani watu 50,000, walihamishwa 1963 na 1964, wengi wakapelekwa karibu na Kom Ombo. Ukipita hapo ukielewa hivyo, utupu wa kingo zile unasomeka kwa namna nyingine.

Msongamano na saa za kufika

Hapa ndipo meli kubwa inapopoteza alama nyingi. Ratiba zao zinafanana, hivyo zinafika pamoja. Asubuhi Edfu kuna foleni ya magari ya farasi kutoka gatini hadi hekaluni, na jioni Kom Ombo abiria wa meli nyingi hushuka kwa wakati mmoja. Dawa zipo. Edfu, omba kuondoka mapema iwezekanavyo, na ukiingia nenda moja kwa moja hadi ndani kabisa, kisha rudi polepole ukielekea langoni, kwa sababu makundi huanzia langoni kwenda ndani. Kom Ombo, anza na ukuta wa nyuma. Farasi wa Edfu wengine wamechoka kupita kiasi. Teksi na bajaji zipo, na kwa vyovyote patana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda.

Abu Simbel ukiwa kwenye meli ya Luxor na Aswan ni safari ya ziada ya kilomita 280 kila upande kwa gari. Magari huondoka Aswan kama saa kumi alfajiri na kufika karibu pamoja, unapata muda wa kama saa mbili hekaluni, kisha unarudi. Ni uchovu mkubwa, na watu ni wengi saa zile zile. Meli ya ziwa hufunga karibu na hekalu lenyewe, hivyo unaweza kuliona mabasi yakiwa yameshaondoka. Tofauti hiyo peke yake inatosha kumwamulia mtu ambaye Abu Simbel ndiyo ndoto yake. Ila epuka tarehe 22 Februari na 22 Oktoba kama hupendi umati, kwani siku hizo jua la asubuhi huingia hadi ndani na watu hufurika tangu usiku.

Dahabiya hupanga saa zake, na kundi ni dogo, hivyo El-Kab na Silsila mnaweza kuwa peke yenu. Lakini Edfu hata dahabiya hukutana na umati.

Mwelekeo na idadi ya siku

Mto unatiririka kwenda kaskazini, na upepo wa kawaida unavuma kutoka kaskazini. Jambo hilo dogo linabadilisha safari za tanga kabisa. Dahabiya inayotoka Esna kwenda Aswan inapanda mto kwa tanga. Inayorudi chini huvutwa sehemu kubwa ya njia, na matanga hubaki ya picha. Ukitaka kusafiri kwa tanga kweli, chukua mwelekeo wa Aswan, kwa kawaida usiku 4. Feluka hufanya kinyume: inashuka kutoka Aswan kwa msaada wa mkondo, ikikata upepo kwa kwenda pembeni huku na huku. Kufika Kom Ombo, kilomita 45 hivi, huweza kuchukua usiku 2. Upepo ukigoma, hufiki, na gari linakufuata ulipo. Uliza kabla ya kulipa kama gari hilo limo kwenye bei.

Meli kubwa kwa kawaida ni usiku 4 kutoka Luxor na usiku 3 kutoka Aswan. Usihesabu usiku wote kuwa wa mwendo, kwani meli hukaa gatini Luxor mwanzoni na Aswan mwishoni. Kikwazo cha njiani ni malango ya maji ya Esna, ambako meli huingia chache kwa zamu na kupandishwa au kushushwa. Kusubiri saa kadhaa ni kawaida, na kila saa inayopotea hapo inakatwa Edfu. Zipo pia siku za matengenezo ambapo malango hufungwa na abiria humaliziwa safari kwa basi. Uliza tarehe hizo.

Mwelekeo una jambo jingine. Ukianza Luxor unaona Karnak siku ya kwanza, na baadhi ya watu huona yanayofuata kuwa madogo. Ukianza Aswan, ukubwa unaongezeka hadi mwisho. Sisi tunapendelea kuanzia Aswan kwa anayekuja mara ya kwanza.

Ziwani, ni usiku 4 kutoka Aswan au 3 kutoka Abu Simbel, kwa siku maalum za wiki. Meli ni chache, hivyo tarehe za meli ndizo zinazoongoza tiketi ya ndege.

Maisha ndani ya chombo

Meli kubwa ina kiyoyozi, maji ya moto na milo mitatu. Kero yake ni kufungwa ubavu kwa ubavu gatini: unapita kwenye kumbi za meli nyingine kufika nchi kavu, na dirisha lako linaweza kutazamana na dirisha la jirani huku moshi wa jenereta ukiingia. Omba chumba cha juu, mbali na nyuma zilipo injini.

Dahabiya ni tulivu, na chakula hupikwa kwa watu wachache. Uliza kiyoyozi kinafanya kazi saa ngapi, maana umeme hutegemea jenereta au betri. Feluka ni ya mtu asiyesumbuliwa na kujisaidia ukingoni. Usiku wa Desemba na Januari una baridi kali juu ya maji. Blanketi moja halitoshi. Meli za ziwa zina starehe ya meli kubwa bila msongamano wa gati, lakini mahekalu hufikiwa kwa boti ndogo na kisha kutembea mchangani bila kivuli.

Gharama

Feluka ndiyo nafuu. Meli kubwa zina upana wa bei kuliko zote, za kawaida hadi za fahari. Dahabiya mara nyingi ndiyo ghali kwa usiku mmoja, na ziwa liko karibu na meli nzuri za mto. Lakini bei ya chombo haimalizi hesabu. Uliza kwa maandishi kama tiketi za mahekalu, kiongozi, na Abu Simbel vimo. Tiketi ya Bonde la Wafalme huruhusu makaburi matatu. La Tutankhamun, la Seti wa Kwanza na la Ramses wa Tano na wa Sita hulipiwa mbali. Maeneo makubwa sasa hupokea kadi badala ya fedha taslimu, kwa hiyo hakikisha kadi yako inafanya kazi nje ya nchi. Noti ndogo za pauni za Misri bado zinahitajika kwa vyoo, mabaharia na bakshishi ya walinzi wa makaburi. Mwanafunzi mwenye kitambulisho cha kimataifa hulipa nusu.

Afya

Kichocho kipo kwenye Nile kama kilivyo Ziwa Victoria. Mabaharia wa feluka hualika abiria kuogelea. Usiingie kwenye maji yaliyotulia yenye majani ukingoni. Kunywa maji ya chupa, na hakikisha kizibo hakijafunguliwa. Anayetoka nchi zenye homa ya manjano abebe cheti cha chanjo. Kuanzia Juni hadi Agosti joto hupita nyuzi 40 mchana, na makaburi ya bondeni huwa kama tanuri. Miezi ya Oktoba hadi Aprili ndiyo ya starehe, ingawa majira ya kuchipua huleta upepo wa khamsin wenye vumbi.

Chagua kwa hali yako

Mara ya kwanza Misri na una siku chache: meli kubwa, kutoka Aswan kwenda Luxor, na uongeze usiku 1 Luxor ili Karnak na ukingo wa magharibi visibanwe siku moja.

Unasafiri na wazazi wazee: meli kubwa yenye lifti, baada ya kuuliza daraja la kushukia linavyokuwa meli zikifungana. Boti ya Philae na ngazi za makaburini zitawachosha, basi chagueni makaburi machache yasiyo na mteremko mkali.

Umeshaona Luxor, au unapenda kusoma ukuta bila kusukumwa: dahabiya ya Esna kwenda Aswan.

Familia au marafiki wanaojaza vyumba vyote: dahabiya nzima ya kukodi. Gawanya bei kwa kichwa kabla ya kukata tamaa, maana mara nyingine hukaribia ya meli nzuri.

Kijana mwenye fedha kidogo: usiku 1 au 2 wa feluka hadi Kom Ombo, kisha Edfu na Luxor kwa gari au treni. Pesa iliyobaki inalipia makaburi ya ziada.

Abu Simbel ndiyo sababu ya safari: Ziwa Nasser kama una siku 4. Kama huna, lala usiku 1 mjini Abu Simbel badala ya kwenda na kurudi siku moja, uingie hekaluni alasiri.

Unasafiri Ramadhani: mahekalu hufungwa mapema, hivyo ziara za alasiri ndizo zinazokatwa kwanza. Chagua chombo chenye saa zinazobadilika, dahabiya au feluka, na upange ziara zote asubuhi.